Kwa nini mtoto mdogo akisomewa kitabu cha ndege nyumbani anatulia zaidi eapoti?

Je, wajua kwamba kinachomliza mtoto eapoti kinaweza kuwa kitu ambacho wewe mzazi wala hujakitilia maanani? Mi nilidhani mwanangu ataogopa ndege, ule mlio, kule juu. Kumbe siyo.

Safari yetu ya kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, tunatoka Tanga kwa bibi yake tunapandia Dar kwenda Muscat kwa baba yake, tumefika kwenye ukaguzi wakanambia mama weka kila kitu kwenye mkanda, nikaweka begi, nikaweka viatu, halafu nikamtoa mkononi yule sungura wake wa kitambaa anayelala naye tangu ana miezi sita nikamlaza kwenye trei. Sungura akaingia kwenye lile shimo lenye mapazia meusi ya raba. Wallahi sijawahi kumsikia analia vile. Akajitupa chini, akagalagala, na hata sungura alipotokea upande wa pili hakunyamaza, maana kwake yeye ilikuwa ameshajua kwamba hapa ni mahali wanapokunyang'anya vitu vyako. Alilia mpaka ndani ya ndege, mpaka usingizi ukamchukua mwenyewe.

Safari ya pili ana miaka miwili na nusu. Sungura yule yule, mashine ya namna ile ile. Akamweka kwenye trei kwa mkono wake, akasema "Sungura anapita pangoni," akanivuta tukamsubiri upande wa pili. Hapo katikati umri ulikuwa umeongezeka, na miezi kumi kwa mtoto ni mingi, siwezi kulipuuza hilo. Lakini neno pango alilitoa kwenye kitabu cha kurasa tisa tulichokuwa tunakisoma kila jioni kabla ya kusafiri. Ndo maana nikaanza kufuatilia, hivi hiki kitabu kinafanya nini kwenye kichwa cha mtoto?

Anza na hili. Mtoto mdogo anaijua dunia yake kwa "halafu". Ukitoa beseni anajua kuna kuoga, halafu mafuta, halafu nguo ya kulalia, halafu kulala, na ukiruka kimoja hapo katikati anakuja juu kweli kweli. Katherine Nelson, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandikia sana jambo hili miaka ya 1970 na 1980: alikuwa anawauliza watoto kwa mfano nini kinatokea ukienda kula mgahawani, na hata wa miaka mitatu walikuwa wanaeleza matukio kwa mpangilio, kwanza hiki halafu kile. Yaani kichwani kuna kitu kama ratiba ya kila jambo analolifahamu, na ratiba ndo inayompa utulivu kwa sababu anajua kinachofuata. Sasa eapoti haina ratiba kichwani mwake. Kila baada ya dakika tano kuna mlango mpya, mtu mwingine mwenye sare, foleni nyingine, na mama naye kashikilia pasipoti kwa meno huku anavua viatu. Kitabu kinamkopesha hiyo ratiba kabla hajaihitaji.

Ushahidi wake mzuri ninaoujua wala hautoki kwenye ndege, unatoka hospitali. Mwaka 1975 Barbara Melamed na Lawrence Siegel huko Marekani walichukua watoto 60 wa miaka 4 hadi 12 waliokuwa wanakwenda kufanyiwa upasuaji mdogo, nusu wakaonyeshwa filamu ya mtoto mwenzao anayelazwa na kufanyiwa upasuaji, nusu wakaonyeshwa filamu isiyohusiana kabisa na hospitali. Walioona mwenzao akipitia yale mambo walikuwa na hofu ndogo zaidi kabla na hata baada ya upasuaji. Na yule mtoto wa kwenye filamu hakuonyeshwa kama shujaa asiyeogopa chochote, alikuwa na wasiwasi kidogo na akapita. Hapo ndo penye siri kwa maoni yangu: mtoto anataka kumwona mtu kama yeye akiingia upande huu na kutokea ule.

Lakini hao wa Melamed walikuwa wakubwa. Wetu wa mwaka mmoja na miwili je, picha anaielewa? Hapa ndo pananifurahisha zaidi, maana kumbe kuelewa picha ni kazi. Judy DeLoache, naye mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba mtoto wa miezi 9 akiona picha ya chupa au ya mdoli anajaribu kuiokota kwenye ukurasa, anaikwangua, anaipigapiga, na hawakuwaangalia watoto wa Marekani peke yao, walikwenda pia vijijini kwa Wabeng wa Ivory Coast ambako watoto hawajazungukwa na picha, wakakuta mambo ni yale yale. Ikifika miezi kama 19 mtoto anaacha kuokota, anaanza kunyoosha kidole. Ameshajua hiki si chupa, ni picha ya chupa.

Ila kujua ni picha bado si kujua kwamba picha hii inasema habari za pale tunapokwenda. DeLoache huyo huyo, mwaka 1987, alitengeneza kijichumba kidogo kinachofanana na chumba kikubwa halisi, anaficha mdoli mdogo kwenye kijichumba mtoto akiona, anamwambia mtoto kwamba mdoli mkubwa kajificha pale pale kwenye chumba kikubwa, kamtafute. Wa miaka mitatu wengi walikwenda moja kwa moja. Wa miaka miwili na nusu wakapotea, japo walikumbuka vizuri mdoli mdogo yuko wapi. Lakini, sikiliza hili, hao hao wa miaka miwili na nusu walipoonyeshwa kwa picha badala ya kijichumba, walimpata. Maelezo yake ni kwamba kijichumba chenyewe ni mchezo mtamu, mtoto anakiona kama kitu cha kuchezea na si kama habari za kitu kingine, wakati picha ya karatasi haina cha kuchezea, kazi yake ni kuonyesha tu. Kwa hiyo ile ndege ya plastiki uliyomnunulia sokoni ni nzuri kuchezea, ila kwa mtoto wa umri huo usitegemee imweleze safari. Picha inaeleza.

Na picha gani? Gabrielle Simcock na DeLoache mwaka 2006 waliwasomea watoto wa miezi 18, 24 na 30 kitabu kinachoonyesha jinsi ya kuunganisha kayamba ya kuchezea, kisha wakawapa vipande vyenyewe. Wadogo walifanya vizuri zaidi walipoonyeshwa picha za kamera kuliko michoro, na kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndo tofauti inaonekana zaidi. Vitabu vingi vya ndege madukani ni katuni, dubu ndo rubani, tembo kafunga mkanda. Vinapendeza na mimi navipenda kumsomea, ila kama mtoto yuko chini ya miaka mitatu na unataka aelewe kitakachompata kesho, picha ya kawaida ya simu inaishinda katuni ya bei mbaya.

Ndo nikatengeneza changu. Picha nimepiga kwa simu, nimeprinti steshenari ya mtaani, wakaweka laminesheni, wakanifungia spairo, kwisha. Ukurasa wa kwanza sanduku lake mwenyewe liko wazi kitandani, wa pili gari, wa nne sungura na mashine, wa tano watu wamekaa wanasubiri, na kadhalika. Ule wa mashine nilichora mwenyewe kwa sababu sehemu ya ukaguzi hairuhusiwi kupiga picha, na kwa kuwa mchoro peke yake niliuona hautoshi tukauigiza: nimetandika kanga juu ya viti viwili, sungura kalala kwenye sinia, nalivuta polepole linaingia chini ya kanga, kimya, halafu linatokea upande wa bibi. Siku ya kwanza alishika kanga anataka kuifunua. Siku ya tatu alikuwa ameshahamia upande wa bibi anasubiri.

Ukurasa wa tatu ndo ambao huwezi kuununua. Vitabu vya nje mtoto anaagwa na mtu mmoja mlangoni, wanapungiana mikono, basi. Sisi tunasindikizwa. Wanakuja shangazi, wajomba, majirani, dua inasomwa pale pale kwenye maegesho, na bibi analia. Hebu fikiria mtoto wa miaka miwili anamwona bibi yake, mtu anayemtegemea kuliko wote, analia kwa kwikwi dakika tano kabla hajaingizwa kwenye jengo geni, ataelewa nini zaidi ya kwamba huko ndani kuna jambo baya? Nikaandika hivi: "Bibi analia kidogo. Bibi anampenda. Halafu bibi anarudi nyumbani, anakunywa chai." Na picha ya bibi na kikombe chake cha bati. Tukiusoma huo bibi mwenyewe yupo pembeni, mtoto anamnyooshea kidole anamwambia "Unakunywa chai." Siku yenyewe bibi alilia vizuri tu, na mtoto akamkumbusha chai.

Kitu kingine, usimdanganye. Nilijaribiwa kuandika kwamba masikio hayaumi. Yanauma. Ndani ya ndege ya abiria presha ya hewa inawekwa kama vile uko mahali penye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari, sawa na kukaa Njombe, na ndege inaposhuka kutua uwanja wa pwani ni kama umeshushwa kutoka Njombe hadi baharini kwa nusu saa tu. Kuna kimrija chembamba kinachounganisha sikio la kati na nyuma ya pua, ndicho kinachosawazisha hewa, na cha mtoto ni kifupi, chembamba na kimelala zaidi kuliko cha mtu mzima, kwa hiyo kinaziba kirahisi. Kumeza ndo kunakifungua. Ndo maana ukurasa wa saba unasema: "Masikio yanaziba. Yanauma kidogo. Mtoto anakunywa maji, glu glu glu. Pwa! Yamefunguka." Chupa au titi au kikombe cha mrija vyote vinafaa, pipi ngumu usimpe mtoto wa umri huo, zinaweza kumkaba. Na mwamshe ndege inapoanza kushuka hata kama roho inakuuma, maana aliyelala hamezi mara kwa mara.

Huu uandishi wa kueleza tu kinachotokea bila kuamuru una historia yake. Mwalimu Carol Gray wa Marekani aliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa wanafunzi wenye usonji, hadithi fupi za kumwelezea mtoto tukio lilivyo, watu wanafanya nini na kwa nini, zenye maelezo mengi kuliko maagizo. Kwa hiyo "mtoto anafunga mkanda, mkanda unabana kidogo, taa ikizimika mkanda unafunguliwa" na siyo "usivue mkanda!" Mkanda una habari yake pia. Mashirika ya ndege kwa kawaida yanaruhusu aliye chini ya miaka miwili kupakatwa, akishatimiza miwili anakatiwa kiti chake. Kwa hiyo mtoto aliyesafiri mara ya kwanza mapajani kwa mama, safari ya pili ndege inapaa amekaa peke yake kafungwa, hajaambiwa kitu. Weka picha ya kiti. Weka na choo, maana kile choo kinavuta kwa hewa na mlio wake unamshtua hata mtu mzima.

Kuhusu muda wa kuanza kusoma, mwezi mzima kabla ni mbali mno, kwa mtoto anayesema "jana tutakwenda kwa baba" kesho na jana bado ni kapu moja. Sisi tulianza wiki moja kabla, tukahesabu kwa kulala: bado kulala mara nne, bado kulala mara tatu. Na akikwambia rudia, rudia. Jessica Horst wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zile zile kwa kurudiwa walishika maneno mapya zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti tofauti zenye maneno hayo hayo. Kwa hiyo ukichoka kusoma ukurasa wa pango mara ya saba usiku mmoja, mwenzio hapo bado anajenga.

Kitu kimoja nilikisahau kabisa kwenye kitabu, ule mkanda wa kuchukulia mizigo ukifika. Tumeshuka Muscat, mi nimechoka, tunasogea pale, nikaona yale mapazia meusi ya raba ukutani, yale yale, na moyo ukanipasuka kwa sababu sikumwandaa. Mtoto akaniachia mkono. Akasimama mbele ya pazia kamkumbatia sungura, akatulia, mkanda ukaanza kuzunguka, akageuka akanambia, "Mama, subiri. Sanduku liko pangoni."