Kuacha Kazi Kidogo Ukikwama Si Uvivu

Wengi tumelelewa tukiamini kwamba ukikwama dawa ni kukaza buti, na anayeinuka kitini ni mvivu. Ushahidi unasema vingine.

Mwaka 1908 mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alisimulia jinsi alivyoziacha hesabu zake na kwenda safari ya kijiolojia. Alipokanyaga tu ngazi ya gari la abiria mjini Coutances, wazo alilokuwa akilihitaji likamjia. Bahati ya mtu mmoja? Labda. Ila mwaka 2009 watafiti Ut Na Sio na Thomas Ormerod walichambua kwa pamoja tafiti 117 na kuona kwamba kuliweka tatizo kando kwa muda husaidia kulitatua. Faida iliongezeka kwa waliokuwa wamelihangaikia zaidi kabla ya kuliacha. Kwa hiyo anayepumzika kabla hajaanza asijipe moyo.

Maelezo mojawapo ni kwamba akili iliyonasa kwenye njia mbovu huirudia njia hiyohiyo. Ukiliacha tatizo, njia ile hufifia, na nyingine hupata nafasi. Kutembea kunafaa: majaribio ya Chuo Kikuu cha Stanford, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha watu wakitoa mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakiwa wamekaa.

Lipo pia jambo lisilopimika kirahisi. Mtu akiwa mbali na kazi hugundua kama kilichomkwamisha ni tatizo lenyewe, uchovu, au kazi asiyoitaka tena. Hilo la mwisho matembezi hayalitibu, lakini angalau hulitambua.