Je, wajua? Mkwaju ni wa jamii ya mikunde, lakini mizizi yake haina vinundu

Chimbua mche wa kunde, chuma kinundu kimoja mzizini, kipasue. Kikiwa kinafanya kazi, ndani utakuta rangi ya waridi. Humo wamo bakteria waitwao rizobia, wanaogeuza nitrojeni ya hewani kuwa lishe ya mmea.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kila mmea wa jamii ya mikunde hufanya hivyo, na niliwaambia wengine hivyo. Nilikosea. Mkwaju ni wa jamii hiyo na hauna vinundu. Mjohoro vilevile. Kumbe mvinje, usio wa mikunde, unavyo, ila wakazi wake ni bakteria wengine, Frankia. Kuna pia miti iitwayo Parasponia, ya familia moja na bangi, inayoishi na rizobia wenyewe. Kwa hiyo kuona mmea una maganda ya mbegu kama ya kunde hakutoshi kukuambia kilichopo udongoni.

Udugu una uzito, lakini inabidi kupanda juu zaidi katika mti wa ukoo. Mimea yote inayofuga bakteria hawa vinunduni imo katika matawi manne jirani: la mikunde, la mivinje, la mawaridi na la maboga. Babu yao aliishi yapata miaka milioni 100 iliyopita.

Mambo huenda kama hodi na karibu. Mzizi wenye njaa ya nitrojeni hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi. Rizobia wakizihisi, hujibu kwa molekuli zao, na hiyo ndiyo hodi. Mzizi huitambua kwa kutumia sehemu kubwa ya mfumo uleule ambao mimea ilikuwa ikiutumia kukaribisha kuvu wa mizizini kwa zaidi ya miaka milioni 400. Mlango ni wa zamani. Chumba, yaani kinundu, ndicho kipya. Jeni iitwayo NIN ndiyo inayoamuru chumba kijengwe. Ikiharibika, mgeni atabisha, na hakuna atakayemjengea.

Mwaka 2018 watafiti walipolinganisha jenomu, yaani jumla ya jeni, za mimea ya matawi hayo, waliikuta NIN imepotea au imevunjika katika mingi isiyo na vinundu. Wengi wakaona kwamba babu alikuwa navyo na wajukuu wakavipoteza, labda kwa kuwa kuwalisha bakteria sukari ni gharama kubwa pale udongo unapokuwa na nitrojeni ya kutosha. Sababu hiyo bado ni dhana, na wapo wanaoshikilia kwamba vinundu vilizuka zaidi ya mara moja.

Jamii ya kabichi imeuondoa hata mlango: jeni kadhaa za mfumo ule wa kale hazimo tena, na kuvu hao hawakaribishwi. Lupini, ndugu wa kunde, nao wamewaacha kuvu, lakini mlango wameubakiza, kwa sababu rizobia bado wanaupitia.