Si kila kifaa cha kale usichokijua ni cha uganga

Wiki hii imeletwa tena. Picha ya kipande cha udongo kimelazwa juu ya kitambaa chekundu, kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa, na chini yake maelezo kwamba hiyo ni pembe ya mganga wa zamani, "ina nguvu", na mwenye nayo anatafuta mnunuzi. Picha za namna hii nimeletewa nyingi mno, na sasa yamenifika shingoni. Kile kitu ni kewa, bomba la udongo la kupitishia upepo kwenye moto wa chuma. Ni kipande cha kewa kilichovunjika, na aliyekitumia alikuwa kwenye kazi ya chuma.

Nitaeleza ninavyojua, maana mwenzake ninaye hapa mezani, ametoka kabatini asubuhi hii. Mwisho mmoja una rangi ya tofali iliyoiva. Ukisogea mbele rangi inageuka kijivu, kisha nyeusi, na pale ncha ilipokatikia udongo umekuwa kioo hasa, kijani kibichi kama chupa, kimejaa vitundu vya hewa. Moto wa kuchomea vyungu uwanjani haugeuzi udongo kuwa kioo. Tanuri la kuyeyushia chuma, ambalo joto lake hufika nyuzi 1,200 na kupita, hugeuza. Halafu kioo chenyewe kilitiririka kabla ya kuganda, na matone yote yameelekea upande mmoja. Ukikishika kipande na kukiinamisha mpaka matone yaning'inie wima, umejua bomba lilikaa kwa mwinamo gani ndani ya tanuri. Ndani ya tundu kuna michirizi inayokwenda kwa urefu, alama ya mti uliofinyangiwa udongo ukachomolewa. Na pembeni mwa kioo yamenata mavi ya chuma, yaani takataka inayotoka kwenye chuma motoni, mazito, yenye kutu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ulichohitaji kukibuni. Vyote vimeandikwa juu ya kitu chenyewe, na vyote yule bwana wa kitambaa chekundu alivipita, akatazama umbo tu: kirefu, kina tundu, ncha nyeusi, basi ni pembe ya dawa.

Kuna nisichoweza kusema pia. Kwa kipande kimoja kilichookotwa juu ya ardhi siwezi kukuapia kama kilitoka kwenye tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma au kwenye kiwanda cha mhunzi aliyekuwa akifua majembe, maana mhunzi naye anatumia kewa na naye anaacha kioo kidogo kwenye ncha. Ningehitaji kuona mavi ya chuma yaliyolala karibu yake, na wingi wake. Wala siwezi kukuapia kwamba upepo uliopita humo ulisukumwa na mivukuto. Ufipa, yale matanuri marefu ya udongo yanayoitwa malungu, mengine yakifika urefu wa mita tatu, hayakuhitaji mivukuto. Tanuri lenyewe lilivuta upepo kupitia mabomba yaliyopangwa chini yake. Buhaya mambo yalikuwa mengine. Huko watu walivukuta, na mabomba yaliingizwa ndani sana, mpaka kioo kinaonekana kwa nje kwenye sehemu ndefu ya bomba. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba upepo ulipata moto ndani ya mabomba hayo kabla ya kufika kwenye mkaa, na kwamba hapo ndipo ulipokuwa ufundi mkubwa wa Wahaya. Wataalamu wengine wakawapinga, wakisema upepo unapita kwa kasi mno hauwezi kupashika kiasi hicho. Mimi nimesoma pande zote mbili na sijaridhika na upande wowote. Lakini angalia tunachobishania: joto la upepo ndani ya bomba. Hakuna anayebishania kama ni bomba.

Sasa nifike kwenye uganga, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniudhi zaidi na ndiyo sehemu ambayo watu hudhani naipinga yote. Siipingi. Dawa ilikuwepo kwenye kazi ya chuma. Ufipa tanuri jipya lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi, dawa zikawekwa, miiko ikashikwa. Mwenye kazi hakuwa na mstari unaotenga ufundi huku na uganga kule. Kwake kutia dawa na kuchagua udongo unaostahimili moto zilikuwa hatua za kazi ileile. Kwa hiyo mtu akiniambia "humu mlikuwa na dawa", sicheki. Namuuliza ameiona wapi. Kilikuwa kwenye shimo dogo chini ya sakafu ya tanuri? Kilizikwa na nini? Kuna masalia ndani ya tundu? Matumizi ya dawa yana ushahidi wake, na unatafutwa kwa jasho lilelile linalotafuta ushahidi wa kusaga au kusokota.

Nisichokikubali ni kulitumia neno uganga kufunga mazungumzo. Hujui ni nini, basi ni cha uganga. Na lawama hii si ya wenye simu na vitambaa vyekundu peke yao. Wasomi nao wana lebo yao, "kifaa cha matambiko", na ukifungua makabati ya makumbusho nyingi utaikuta kwenye vitu ambavyo hakuna aliyekaa navyo nusu saa na lenzi. Lebo ile ikishabandikwa, kitu kinakaa miaka mingi bila kuulizwa swali la pili. Na madhara yake ni makubwa kuliko upuuzi wa bei. Bibi aliyefinyanga, mwanamke aliyesokota, fundi aliyekonda mbele ya tanuri, wote wanafutwa, anabaki mganga mmoja wa kubuni anayebebeshwa kila kitu cha kale cha Afrika.

Umbo linadanganya. Mchukue mtu ambaye hajawahi kuona nazi umwekee mbele yake mbuzi. Ataona kigoda kinachokunjika, chenye ulimi wa chuma wenye meno. Atakuambia ni chombo cha kutesea watu, au cha kukwangulia ngozi. Hakuna kitu kwenye umbo la mbuzi kinachotaja nazi. Kinachoitaja ni meno yaliyolika kwa kuzungushiwa ndani ya kifuu, ubao wa kukalia uliolainika kwa kukaliwa, na mafuta yaliyonywewa na mbao pale chini ya ulimi. Ukiosha mbuzi ile kwa sabuni na kuipiga msasa ili ipendeze ukutani, umefuta sentensi zote tatu.

Vile vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vinavyochimbuliwa Kilwa, Shanga (mji wa kale kisiwani Pate) na kwingineko pwani, navyo vina kesi yao. Tunaviita uzito wa kijiti cha kusokotea pamba, na nyingi ya kesi hizo naziamini. Pwani hii ilifuma. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alizitaja nguo za Mogadishu zilizopelekwa mpaka Misri. Lakini si kila kigae chenye tundu kilisokota. Tundu likiwa halipo katikati, kijiti kinayumba na uzi unakatika. Kigae kikiwa kizito sana, pamba, yenye nyuzi fupi, haihimili. Tundu likiwa bado na kingo kali, halikupitishwa kijiti kwa muda mrefu. Na vile vya mviringo visivyo na tundu kabisa, ambavyo navyo vipo vingi? Huenda ni kazi ambayo haikumalizika, huenda ni vifuniko vya chupa na mitungi midogo, huenda ni kete. Nashuku kwamba hesabu zetu za usokotaji kwenye maeneo kadhaa zimechanganya vyote hivi, na ningependa vipimwe upya kimoja kimoja.

Vigae vyenye mifereji, vya Tumbe kule Pemba na vya Shanga, ni hivyohivyo. Maelezo ya kawaida ni kwamba vilisugulia shanga za kombe: vipande vinatobolewa, vinatungwa kwenye uzi, vinasuguliwa kwenye mfereji mpaka viwe duara. Umbo la mfereji linaunga mkono hilo. Ukinoa kitu chenye ncha unapata mfereji mwembamba uliochongoka chini; hii mingi ina kitako cha duara na upana unaolingana mwanzo hadi mwisho. Inanishawishi. Ila kigae kilichokaa nyumbani hakimzuii mtu kunolea sindano ya mfupa jioni.

Mawe yaliyotobolewa nitayapita haraka, kwa sababu jibu ni kwamba tundu halitoshi. Jiwe lilelile linaweza kuupa uzito mti wa kuchimbia mizizi, likawa rungu, likazamisha wavu. Tazama ndani ya tundu kama limelainika, na tazama kingo za nje kama zimegongwa.

Zana za mawe za zamani zaidi zina bahati ya kusomwa vizuri. Mrusi Sergei Semenov alichapisha mwaka 1957 kitabu kilichowafundisha watu kusoma uchakavu kwa hadubini, na Lawrence Keeley akaendeleza kwa kulinganisha mng'ao unaoachwa na ngozi, nyama, mfupa na mti kwenye makali. Peter Jones, aliyefanya kazi Olduvai, alichinja na kuchuna wanyama kwa mashoka ya mkono aliyoyachonga mwenyewe, akaonyesha kwamba yanafaa sana. Nampenda kwa kazi ile. Lakini jaribio la aina hiyo linaonyesha kwamba jambo linawezekana, na watu hulisoma kana kwamba limeonyesha kwamba ndivyo lilivyokuwa. Nenda Isimila, karibu na Iringa, uyaone mashoka yenye urefu wa zaidi ya sentimeta 30. Mtu hachuni swala kwa kitu kile kwa raha. Kwa nini waliyachonga makubwa hivyo, na mengi hivyo, pale kwenye makorongo? Nimesimama pale na wageni wakaniuliza, na nimewajibu kwamba kila maelezo niliyoyasikia yana tundu kubwa mno kuweza kuyafunga.

Watu husema basi tuwaulize wazee. Ndiyo, waulizeni, na upesi. Ila tofautisheni mzee aliyeshika kitu kwa mkono wake na mzee aliyesikia habari zake. Wa kwanza hujibu kwa mwili. Mpe kitu, mikono yake inakaa mahali pake kabla hajafungua mdomo, kidole gumba kinaangukia palepale palipolika. Wa pili anakisia kama mimi, tena wakati mwingine kwa adabu tu, kwa sababu mgeni ametoka mbali na si vizuri kumrudisha mikono mitupu. Nikiona mzee anakigeuzageuza kitu kabla ya kujibu, naandika jibu lake, na naandika pia kwamba alikigeuzageuza.

Na kuna vitu ambavyo baada ya yote hayo vinabaki kimya. Mwaka 1938 Mary na Louis Leakey walichimba kwenye pango la mto Njoro, Kenya, wakakuta watu wengi waliozikwa baada ya miili yao kuchomwa, pamoja na bakuli za mawe na michi ya mawe. Bakuli za namna hiyo zimepatikana sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Ni nzito, zimechongwa kwa taabu kubwa kutoka kwenye mawe ya volkano. Kwa kuwa zilikuwa makaburini, wepesi watasema ni za mazishi. Lakini mtu huzikwa pia na vitu vyake vya kila siku, na bakuli lililolika ndani lilifanya kazi kabla halijazikwa. Kazi gani? Nimesoma kwamba ni ya kusagia rangi nyekundu, ya kupikia, ya maziwa, ya kuhifadhia moto. Zinaweza kuwa tofauti hata kati ya bakuli na bakuli. Lebo ninayoitaka pale ni "Bakuli la jiwe. Matumizi hayajulikani", iachwe hivyo, na mwanafunzi atakayekuja na njia ya kuyasoma mafuta yaliyonasa ndani ya mawe akute nafasi iko wazi.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Usikioshe. Usikipake mafuta, usikisugue kwa brashi ya waya, usikichokonoe tundu uone kuna nini, kwa sababu uchafu ule unaoutoa ndio ninaoutaka. Usikiondoe kilipo kama hujakiondoa. Kitu kilichotoka ardhini bila mahali pake kimepoteza zaidi ya nusu ya maneno yake. Tanzania tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 si mali ya kuchimba na kuuza upendavyo. Kenya nao wana yao ya 2006. Mpigie afisa utamaduni wa wilaya, au makumbusho iliyo karibu. Ukipiga picha, weka rula pembeni, piga kwa mwanga wa ubavuni ili mikwaruzo ijitokeze, nionyeshe pande zote na mahali kilipolala pamoja na vitu vilivyokizunguka. Na unionyeshe kilipokatikia. Huko ndiko watu husahau, na huko ndiko naanza kutazama.