Mita si kipimo cha ulimwengu

Kila yanapozungumzwa mawasiliano na viumbe wa mbali au safari za angani, hakosekani mtu wa kusema kwamba mita ni "kipimo cha ulimwengu", kwa kuwa siku hizi inafasiliwa kwa kasi ya nuru, na nuru haina nchi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na nimeridhika kwamba fizikia ya wasemaji haina kasoro. Kinachowapoteza ni neno "ulimwengu".

Mita inalinganishwa na kizio asilia, yaani kizio (kipimo cha msingi) kinachopatikana kwa kuzipa konstanti za maumbile, zile namba zisizobadilika popote, thamani ya 1 na kuacha urefu, muda na tungamo vijitokeze kutokana nazo. Konstanti zinazotumiwa zaidi ni kasi ya nuru, konstanti ya graviti (nguvu ya mvutano) na konstanti ya Planck, inayotawala nishati ya nuru na ya chembe ndogo. Fasili ni hiyo tu.

Sasa turudi kwenye neno. "Dunia" tumeipata katika Kiarabu, ambako hubeba maana ya kilicho karibu zaidi, yaani maisha haya tuliyomo kabla ya akhera. "Ulimwengu" tumeutanua hadi ukaingiza nyota na galaksi zote, ilhali "walimwengu" wamebaki kuwa watu wa hapa hapa, wale wale tunaowalalamikia kwa maneno yao. Kwa hiyo mtu anapotaja "kipimo cha ulimwengu", msikilizaji hana njia ya kujua kama anakusudia kipimo walichokubaliana walimwengu, au kipimo kinachoweza kupatikana hata pale ambapo mlimwengu hajawahi kukanyaga.

Mita ni ya aina ya kwanza. Mwaka 1791 Wafaransa waliamua kwamba iwe sehemu moja kati ya milioni kumi za umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Wanaastronomia Delambre na Méchain wakatumia miaka kadhaa kupima mstari wa Dunkirk hadi Barcelona, na mita iliyotokana na kazi yao ikawa fupi kwa takriban milimita 0.2 kuliko ilivyokusudiwa. Upungufu huo haukurekebishwa. Mwaka 1960 mita ilihamishiwa kwenye mawimbi ya nuru ya gesi ya kriptoni-86, mwaka 1983 ikahamishiwa kwenye kasi ya nuru, na kila ilipohamishwa wataalamu walihakikisha kwamba mpya inalingana na ya zamani, ili rula za watu zisiharibike. Ndiyo maana nuru husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde: katika tarakimu hizo tisa umo ukubwa wa sayari yetu, imo ile milimita 0.2, na umo urefu wa siku uliogawanywa mara 86,400. Kilogramu nayo, iliyofungwa kwenye konstanti ya Planck tarehe 20 Mei 2019, imerithi namba zake kwa njia hiyo hiyo. Kiumbe wa mbali anaweza kuipima kasi ya nuru bila msaada wetu, lakini hana namna ya kuibuni namba hiyo mpaka tumwambie.

Mwanafizikia Mjerumani Max Planck alikusudia kipimo cha aina ya pili, yaani kizio asilia. Mwaka 1899 alipendekeza vizio ambavyo, kwa maelezo yake, vingebaki na maana katika nyakati zote na kwa staarabu zote, hata zisizo za wanadamu. Mwanafizikia George Johnstone Stoney alikuwa ametangulia mwaka 1874 kwa kutumia chaji ya umeme, jambo linaloonyesha kwamba hata kwenye vizio asilia hakuna mlango mmoja. Uamuzi tu wa kuigawanya au kutoigawanya konstanti ya Planck kwa 2π hubadilisha urefu wa Planck, yaani kizio chake cha urefu, kwa takriban mara 2.5. Urefu wenyewe ni kama mita 1.6 × 10⁻³⁵, ambao hakuna chombo kinachoukaribia, ingawa tungamo la Planck ni mikrogramu 22 hivi, sawa na punje ya mchanga yenye upana wa robo milimita. Isitoshe, konstanti ya graviti inajulikana kwa usahihi wa takriban sehemu 2 katika 100,000 tu, na hicho ni kiwango duni sana mbele ya saa ya sesiamu, saa ya atomi inayofasili sekunde.

Waliolazimika kuwaandikia wasiowajua walipita njia nyingine. Kwenye bamba la chombo cha anga cha Pioneer 10, kilichorushwa mwaka 1972, kizio cha urefu ni wimbi la redio la haidrojeni, sentimita 21, na kando ya mchoro wa mwanamke imeandikwa 8 kwa tarakimu za jozi, yaani za alama mbili tu. Zidisha, utapata sentimita 168. Neno mita halimo.

Kwa hiyo anayesema kwamba mita imefungwa kwenye konstanti ya maumbile amesema kweli, na ningemwomba tu aiite ya kimataifa. Na kama kimbilio lake ni mwakanuru, umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, akidhani kwamba angalau huo ni wa anga, autamke polepole: mwanzoni mwake kuna mwaka, nao ni siku 365.25 za sayari hii.