Kamera Haina Haja ya Kutoka Nje

Tamthilia ya zamani ikipelekwa televisheni, agizo ni lilelile: "Tuitoe chumbani." Muswada unarudi umejaa farasi na bustani, na cha kuchekesha hakimo tena.

Hiyo ndiyo dhana inayoharibu kuliko zote. Komedi ya mabwana na mabibi wa tabaka la juu huchekesha kwa sababu hakuna awezaye kuondoka chumbani bila kuvunja adabu. Chukua The School for Scandal, tamthilia ya Sheridan iliyoonyeshwa katika ukumbi wa Drury Lane, London, mwaka 1777. Katika tendo la 4 Lady Teazle amejibanza nyuma ya kiambaza cha kukunja, maktabani kwa Joseph Surface, anayemtongoza. Mumewe, Sir Peter, anaingia na, bila kujua, anaeleza fedha atakazomwandikia mkewe. Charles, ndugu yake Joseph, anapofika, Sir Peter naye anajificha chumba cha pembeni. Mmoja wao akipata mlango wa bustani, mchezo umekwisha.

Kamera moja ishike kiambaza, mlango wa pembeni na Joseph kwa pamoja. Irudie picha hiyo kila aingiapo mtu. Mtazamaji akisahau nani kajificha wapi, hacheki. Na tafadhali, usionyeshe uso wa Lady Teazle akiwa mafichoni! Kwamba yupo, tunajua. Tusichojua ni maneno ya mumewe yamemfanya nini. Ukitoa machozi mapema, kiambaza, ambacho Charles hukiangusha mwishoni, kitaanguka bure. Kianguke ndani ya picha pana, bila kukata: Charles, Sir Peter aliyekwisha kutoka mafichoni, Joseph anayerejea, na bibi mwenyewe. Nyuso zije baadaye, ya Sir Peter kwanza.

"Televisheni ni picha, punguza maneno." Punguza visa, sentensi ziache. Mwandishi Oscar Wilde, kwa ombi la George Alexander, meneja wa ukumbi, alipoipunguza tamthilia yake The Importance of Being Earnest kutoka matendo manne hadi matatu kwa onyesho la 1895, aliondoa kisa kizima cha wakili anayekuja kumkamata mtu kwa deni la hoteli.

"Acha nafasi ya kicheko." Sebuleni kwa mtazamaji hakuna ukumbi uliojaa watu. Jibu lifuate papo hapo. Kimya kikihitajika, mpe anayesikiliza.

"Ukiileta leo, badili mavazi tu." Mwaka 1777 talaka kamili Uingereza ilihitaji sheria ya Bunge. Lady Teazle wa leo akifumaniwa, anampigia wakili. Mtafutie kwanza kitu cha kupoteza, urithi au cheo, kisha ndipo umwite fundi nguo.