Vimeondolewa au nimeviondoa: dhana potofu kuhusu uongozi wa marais na majenerali wa Marekani

Dhana: Patton alishinda kwa ukali na matusi

Jenerali George Patton wa Vita vya Pili vya Dunia anakumbukwa kwa bastola zake zenye mpini wa pembe za ndovu, buti zilizong'aa na lugha ya kambini. Kila bosi anayefoka hupata wa kumtetea kupitia jina lake. Basi tuangalie alichofanya Desemba 1944.

Tarehe 16 mwezi huo Wajerumani walivunja safu ya Wamarekani huko Ardennes, eneo la misitu la Ubelgiji, na baada ya siku chache wakauzingira mji wa Bastogne. Tarehe 19 Dwight Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika Ulaya Magharibi, aliwaita makamanda wake Verdun, Ufaransa, akamuuliza Patton anaweza kushambulia lini. Jibu likawa: asubuhi ya tarehe 22, kwa divisheni tatu. Waliokuwepo walidhani anajigamba. Jeshi lake lilikuwa limeelekea mashariki, na kuligeuza kwenda kaskazini kulimaanisha kugeuza pamoja nalo malori, mizinga, mafuta, risasi, nyaya za simu na hospitali za vitani, katikati ya baridi kali na barabara zenye barafu.

Haikuwa majigambo. Ofisa wake wa upelelezi wa kijeshi, Oscar Koch, alikuwa ameonya tangu tarehe 9 kwamba adui anakusanya nguvu kaskazini mwao. Kabla ya kwenda Verdun, Patton alikaa na maofisa wake wakaandaa mipango mitatu, kila mmoja na neno lake la siri. Baada ya kikao alipiga simu, akataja neno moja, jeshi likaanza kugeuka. Tarehe 22 walishambulia kama alivyosema, na tarehe 26 vifaru vya Divisheni ya 4 vikawafikia waliozingirwa.

Ukali wenyewe ulimgharimu. Agosti 1943, kule Sicily, aliwapiga makofi askari wawili waliokuwa hospitalini, akiwaona ni waoga. Mmoja alikuja kugundulika ana malaria. Eisenhower alimwandikia karipio na kumlazimisha aombe radhi, na baada ya Sicily Patton hakuongoza tena jeshi vitani hadi Agosti 1944. Omar Bradley, aliyekuwa chini yake Sicily, kufikia wakati huo alikuwa mkubwa wake.

Dhana: Eisenhower alikuwa mtu wa gofu, kazi walifanya wengine

Alipokuwa rais, kuanzia 1953 hadi 1961, wapinzani walimchora kama mzee mpole anayeongea bila kueleweka. Sehemu ya kutoeleweka huko ilikuwa ya makusudi. Machi 1955, wakati wa mvutano kuhusu visiwa vilivyo karibu na pwani ya China, maofisa walimsihi asijibu swali lolote la waandishi kuhusu silaha za nyuklia. Alimwambia msemaji wake, James Hagerty, asiwe na wasiwasi: swali likija, atawachanganya tu. Likaja, akawachanganya. Kiongozi aliye tayari kuonekana mzito wa kuelewa, ili adui abaki hajui atafanya nini, ana nidhamu ambayo wengi hatuna.

Ila anayetaka kumjua vizuri asome kikaratasi alichokiandika tarehe 5 Juni 1944. Hali ya hewa ilikuwa imemlazimu kuahirisha uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa, kwa siku moja. Mtabiri mkuu, James Stagg, akamwambia kuna upenyo mfupi wa utulivu tarehe 6, naye akaamua waende. Kisha akakaa peke yake akaandaa tangazo la kushindwa, endapo mambo yangeharibika. Mwanzoni aliandika kwamba vikosi vimeondolewa. Akakata, akaandika: nimeviondoa vikosi. Chini yake akaongeza kwamba kama kuna lawama yoyote, ni yake peke yake. Kwa uchovu alikosea hata mwezi, akaandika Julai badala ya Juni, kisha akakitia kwenye pochi.

Msemaji wa Kiswahili anaiona tofauti hiyo papo hapo. "Vimeondolewa" haina mwenyewe. Ni lugha ya taarifa za ofisini, ambako fedha zimepotea na makosa yametokea bila mtu kutajwa. "Nimeviondoa" ina mtu ndani yake. Kwangu mimi, ufutaji huo mmoja unafundisha uongozi kuliko hotuba zake zote.

Dhana: Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi ndiye anayeamuru vikosi

Kosa hili ni la kawaida kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa Mkuu wa Majeshi wa kwetu kweli huliamuru jeshi. Marekani siyo hivyo. Kwa sheria ya mwaka 1986, mwenyekiti huyo ni mshauri mkuu wa kijeshi wa rais, lakini hana kikosi anachokiamuru. Amri hutoka kwa rais, hupita kwa Waziri wa Ulinzi, hufika kwa kamanda wa kanda au wa kazi maalumu. Ndiyo maana katika vita vya Ghuba vya 1991 Norman Schwarzkopf ndiye aliyeongoza vita, huku Colin Powell, mwenyekiti wa wakati huo, akiwa Washington akishauri.

Dhana: Kennedy alimkazia macho Khrushchev mpaka akasalimu amri

Oktoba 1962, baada ya makombora ya Umoja wa Kisovieti, uliokuwa chini ya Khrushchev, kugunduliwa Cuba, wazo la kwanza la Rais Kennedy na wengi wa washauri wake lilikuwa kushambulia kwa ndege. Kilichoepusha vita ni muda. Kuanzia tarehe 16 walijadiliana kwa siri karibu wiki nzima, na mara nyingine rais alikaa nje ya kikao kwa makusudi, ili watu waseme bila kumwangalia usoni. Wakahamia kwenye kuzuia meli baharini, hatua inayoweza kuongezwa au kupunguzwa.

Na mwisho kulikuwa na nipe nikupe. Jioni ya tarehe 27 Robert Kennedy, ndugu wa rais, alimwahidi balozi wa Kisovieti, Dobrynin, kwamba makombora ya Marekani yaliyoko Uturuki yangeondolewa, kwa sharti kwamba jambo hilo libaki siri. Yakaondolewa kufikia Aprili 1963. Kwa kuwa siri ilitunzwa kwa miaka mingi, kizazi kizima cha wanasiasa kilijifunza somo la msimamo mkali tupu, ambalo halikutokea.

Dhana: Truman alimfukuza MacArthur kwa hasira

Rais Truman alikuwa na hasira, hilo halina ubishi, lakini hakufanya papara. Desemba 1950 yalitoka maagizo ya kuwataka makamanda wapate kibali kabla ya kutoa kauli za sera. Machi 1951, huku Washington ikiandaa pendekezo la kusitisha mapigano Korea, Jenerali MacArthur, aliyeongoza vita huko, alitoa tangazo lake la kumtisha adui, likaliua pendekezo lile. Tarehe 5 Aprili barua yake ya kupinga sera ya rais ikasomwa bungeni. Truman aliwauliza wakuu wa majeshi, nao wakakubaliana kwa kauli moja. Tarehe 11 akamwondoa.

Alipokosea ni katika kufikisha habari. Ujumbe ulikwama njiani, Ikulu ikahofia kuvuja, ikatangaza usiku wa manane. MacArthur akajua kwamba ameachishwa kupitia redio.

Dhana: Lincoln alimpata Grant, akapumzika

Ni kweli kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya kuwabadilisha majenerali McClellan, Burnside na Hooker, Rais Lincoln alimwandikia Jenerali Grant, Aprili 1864, kwamba hatafuti kujua undani wa mipango yake. Wengi huishia hapo.

Julai mwaka huo jeshi la Jubal Early, jenerali wa waasi wa Kusini, lilifika ukingoni mwa Washington, kisha likaondoka salama. Sababu ilikuwa ya kiofisi: eneo lile liligawanywa katika kamandi nne, hakuna iliyowajibika kwa nyingine. Grant, aliyekuwa mbali huko Virginia, akatuma telegramu kwamba Jenerali Philip Sheridan akabidhiwe vikosi vyote na amfuate adui hadi kifo. Lincoln alikuwa na desturi ya kwenda kwenye chumba cha telegrafu cha Wizara ya Vita kusoma zilizoingia. Aliisoma hiyo, na tarehe 3 Agosti akamjibu Grant kwamba wazo ni sahihi kabisa, ila apekue ujumbe wote aliotumiwa kutoka Washington aone kama kuna mtu yeyote pale mwenye nia hiyo kichwani. Halitafanyika wala kujaribiwa, akamwambia, usipolisimamia kila siku na kila saa na kulilazimisha.

Grant alijibu kwamba anaondoka baada ya saa mbili. Alikwenda mwenyewe hadi Monocacy, Maryland, akamweka Sheridan juu ya kamandi zote. Tarehe 19 Oktoba, huko Cedar Creek, jeshi la Early lilivunjwa.