Z11.4 kwenye fomu ya bima si ugonjwa

Mwanachama mmoja alitujia na fomu aliyoikunja hadi ikawa ndogo kama kibiriti. Kliniki ya wajawazito walimwandikia Z11.4. Kijana wake akaitafuta kwenye simu, akaona neno VVU, na usiku ule nyumba nzima haikulala. Z11.4 maana yake amechunguzwa VVU, kama wanavyochunguzwa wajawazito wote. Anayeishi na VVU bila dalili huandikiwa Z21.

Malalamiko ya aina hii yamezidi, ndiyo maana tunaandika. Alama hizo ni za ICD-10, mpangilio wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani. Herufi hutaja kundi: A na B maambukizi, J njia ya hewa, S na T majeraha na sumu. Z ni sababu tu ya kufika kituoni. R ni dalili, kwa hiyo daktari aliyeandika R50.9, homa isiyojulikana chanzo, kisha B50.9, malaria, baada ya majibu ya maabara, hajajichanganya. Wala alama hizi si namba za siri za kumficha mgonjwa ugonjwa wake, kama wengine wanavyodhani. Hili tumelijibu hadi tumechoka.

Sisi wahakiki wa madai ya bima hutazama kama alama inaendana na vipimo na dawa. N39.0, maambukizi ya njia ya mkojo, ikifuatana na dozi ya malaria peke yake, dai linarudi. Hata O80, kujifungua kwa kawaida, ikiandikwa kwa sifuri badala ya herufi O, inarudi.

Ukiona kosa usigombane na keshia, yeye hunakili tu. Mwone daktari aliyekuhudumia, akikosekana mganga mfawidhi. Atakata alama ya awali kwa mstari mmoja, isomeke bado, aandike iliyo sahihi pembeni, asaini na kuweka tarehe. Fomu iliyopakwa wino mweupe hatuipokei.

Kumwomba daktari "aandike kinacholipwa" ni udanganyifu, hata akikubali kwa huruma. Kadi inaweza kusimamishwa, gharama zikadaiwa kwako, na jalada likafika polisi.

Na fomu tupu usisaini, foleni iwe ndefu vipi. Tukikupigia baadaye kuuliza kama kweli ulichomwa sindano sita, "niliambiwa nisaini tu" haitusaidii sisi, wala haikusaidii wewe.